Daktari Asiyekula Mezani Kwao

Benchi lenyewe ni ubao wa wajenzi uliolazwa juu ya matairi mabovu, mbele ya banda la fundi pancha, na kila anayezoea kuketi hapo hupewa jina jipya, apende asipende. Fundi mwenyewe ni Pancha. Mzee aliyekuwa tarishi wa mahakama, ambaye alibeba mafaili ya kesi mpaka akaamini amezihukumu yeye, ni Mheshimiwa. Muuza vocha, ambaye habari hailali kwake, ni Redio. Kinyozi wa duka la jirani ni Mkasi, na alasiri hiyo duka lake lilikuwa limefungwa, kwa sababu mdogo wake, aliyekuwa akisafisha matangi katika kiwanda cha rangi, alikuwa mochwari na maziko yalipangwa kesho asubuhi. Mkasi alikuwa ametoka kidogo nyumba ya msiba, mtaa wa nyuma, aje anywe kahawa ya Mama Birika, muuza kahawa wa pale, apumzishe kichwa. Anayekuja kwenye benchi lile kupumzisha kichwa hana tofauti na anayekwenda sokoni kulala, lakini hakuwa na pengine pa kwenda.

— Pole tena, Mkasi, alisema Redio. Sasa wamesema ni nini hasa?

— Moyo. Daktari wa kiwanda kampasua, kasema moyo ulisimama.

— Hata mimi nikifa moyo utasimama, alisema Pancha. Mama Birika naye, siku yake ikifika, utasimama. Hiyo si sababu ya kifo, ndugu yangu. Hicho ndicho kifo chenyewe.

Mheshimiwa akakohoa. Mheshimiwa akikohoa, jua kikao kimefunguliwa.

— Daktari aliyempasua ni wa nani?

— Si nimesema? Wa kiwanda.

— Na jeneza?

— La kiwanda.

— Na gari la kumbeba?

— La kiwanda pia. Baba mdogo kakubali vyote. Anasema tuwashukuru, watu wamejitolea.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Redio.

— Hiyo methali inaingiaje hapo?

— Inaingia tu. Kiwanda ndiyo mwenyeji. Marehemu akiwahi kaburini, kiwanda kinapona.

Mkasi alitabasamu bila kupenda, halafu akaona vibaya kwa kutabasamu. Tangu jana kulikuwa na jambo linamkereketa rohoni, na hakuwa amemwambia mtu. Sasa akalitoa.

— Msimamizi wake alinipigia simu, kasema dogo kaanguka msalani. Nikaenda getini, mlinzi kaniambia kakutwa pembeni ya tangi. Dereva aliyempeleka hospitali anaapa kwamba alikuwa mzima, alikata roho njiani akiomba maji. Kila ninayemuuliza ana kifo chake.

— Mtu mmoja hafi mara tatu, alisema Pancha.

— Ndiyo maana mnatakiwa mtafute daktari huru, alisema Mheshimiwa, akanyoosha kidole kama anayemwonyesha mshitakiwa kizimba. Daktari asiyekula mezani kwao. Familia inamleta wa kwao, anampima marehemu upya, anaandika alichokiona yeye, siyo alichoambiwa aone. Tena kabla ya kuzika. Ukishafukia, kumfukua ni mpaka hakimu aamue, na hakimu ana mafaili yake mengine. Samaki mkunje angali mbichi.

— Mheshimiwa, marehemu unamwita samaki?

— Mimi naongea sheria. Wewe unaongea samaki.

Mkasi aliizungusha kahawa kikombeni bila kuinywa.

— Mama hataki, alisema. Anasema mwanawe keshapasuliwa na keshashonwa, inatosha, asiteswe tena. Baba mdogo anasema nikisimamisha maziko, nimeiaibisha familia mbele ya watu waliotusaidia. Na wote wananitazama mimi, kwa sababu baba hayupo na mkubwa ni mimi. Nikisema tuzike, tunazika. Nikisema tungoje…

Aliishia hapo. Alikuwa akiogopa kumfukia mdogo wake pamoja na uongo. Aliogopa vilevile kumkata mama yake maini kwa shaka ambayo huenda ni upepo mtupu. Kabla usiku haujaingia jibu lilitakiwa liwe limepatikana, maana wachimba kaburi nao walikuwa wanasubiri neno lake.

— Tairi likipungua upepo, alisema Pancha, mwenye gari atakwambia ni msumari, utingo atakwambia ni barabara mbovu. Mimi siwasikilizi. Nalitumbukiza kwenye karai la maji natazama povu linatokea wapi. Yale maji hayamjui mwenye gari wala utingo.

— Na ikiwa kweli ni moyo? aliuliza Mama Birika, ambaye kwa kawaida huongea na birika lake tu. Ameacha watoto. Kama ni ugonjwa wa damu yao, wasijulishwe wakapimwa? Si kila anayeuliza anamtafuta mwizi.

Hilo ndilo lilikuwa neno la maana kuliko yote yaliyosemwa alasiri ile, kwa hiyo hakuna aliyelishika. Redio alikuwa amekwisha kujisogeza katikati ya benchi, na sauti ameiteremsha.

— Mimi nitasema, na mnisamehe. Wafanyakazi wa pale hubeba chakula kutoka nyumbani. Sasa, chakula cha marehemu alikuwa anapika nani?

— Redio, alisema Pancha.

— Mimi sijamtaja mtu. Ni shangazi yao huko msibani anasema mjane halii. Eti analia kwa kuhesabu. Na lisemwalo lipo, kama halipo liko njiani.

Mkasi aliyajua hayo. Shangazi alianza kunong'ona jana kwenye mapipa ya maji, na leo asubuhi wanawake walikuwa wamemwachia mjane nafasi kubwa kuliko anayoihitaji, huku sahani yake ikipelekwa na mtoto. Mkasi aliona, akanyamaza. Ilimuuma, lakini angesema nini? Asiyejua kilichomuua mtu hana cha kumtetea nacho mwingine.

— Achana na mwanamke wa watu, alisema Mheshimiwa. Mimi naona figo.

— Figo ndizo zimemuua?

— Figo zimeuzwa. Kwa nini wamempasua upesi vile? Sasa hivi tunavyoongea, kuna tajiri mahali anakojoa kwa figo za ndugu yetu, tena kwa raha.

— Mimi naenda mbali zaidi yako, alisema Pancha. Nani kahakikisha kwamba ni yeye? Pengine yuko hai, wamemficha, kwa sababu aligundua siri ya rangi.

— Siri gani ya rangi?

— Kwamba ile nyeupe na ile ya maziwa ni moja. Wanabadilisha kopo tu. Mimi banda langu nililipaka zote mbili, hebu geukeni mtazame.

Waligeuka, wakatazama. Banda lilikuwa jeusi la moshi kote kote.

— Mkasi, aliuliza Redio, uso wake umeuona lakini?

— Nimeuona. Uso tu.

— Uso tu kivipi?

Mkasi alikiweka kikombe chini. Kila mtu pale alijua kazi yake ya pili, ile asiyoibandikia bango: mwanamume wa mtaa huo akifa, Mkasi humwendea na wembe na taulo safi, akamnyoa ndevu kwa mara ya mwisho. Hajawahi kuitwa akakataa, na hadi msiba huu hakuwa amewahi kukataliwa.

— Nilikwenda na vifaa vyangu. Nikasema huyu ni mdogo wangu, ndevu zake nilizinyoa mimi zilipoota, naomba nimnyoe. Mtu wa mochwari hakuwa na neno. Lakini kulikuwa na bwana mmoja wa kiwandani amesimama pale, kasema marehemu keshaandaliwa, haina haja. Nikataka nimshike mkono walau. Yule bwana kalishika shuka hapa, chini ya kidevu cha dogo, na hakuliachia mpaka natoka mlangoni.

Hata Redio alikosa mawimbi.

— Kwa hiyo mkono hukuuona, alisema Mheshimiwa, safari hii bila kukohoa.

— Sikuuona. Wala kifua.

— Na ulimwambia mama hayo?

— Nitamwambiaje? Na yeye ndiye aliyeniuliza kama nimemnyoa vizuri. Nikasema ndiyo.

Alipolisema hilo, macho yalimlowa, akajifanya anafuta jasho. Pancha akasogea karibu naye, bega kwa bega, akatazama upande wa barabara. Ndipo alipomwona mjane anakuja.

Hakuna aliyemtegemea nje ya nyumba ya msiba. Alikuja peke yake, mtandio umemteleza mabegani, mkononi ameshika mfuko wa plastiki wa dukani. Redio alipaliwa na kahawa. Mjane akasimama mbele ya benchi, akawatazama mmoja mmoja, na kwa Redio macho yakakaa kidogo.

— Usipaliwe, kaka, alimwambia. Chakula nilipika mimi, hilo halina siri. Na apimwe upya hata leo, wanaosema waje wasikie nilitia nini.

Redio alijisogeza akarudi mwisho wa benchi.

— Shemeji, alisema mjane, akimgeukia Mkasi. Nimekufuata wewe. Dereva wa kiwanda kapita nyumbani sasa hivi, kaleta nguo za kazi za mume wangu.

— Zile alizokuwa amevaa?

— Zile zile.

Alitoa ovaroli ya buluu mfukoni, akaiweka magotini mwa Mkasi. Ilikuwa imekunjwa vizuri, imepigwa pasi hadi mstari wa mguuni. Mjane akaifunua begani.

— Hiki kiraka nilikishona mimi. Ndiyo aliyotoka nayo. Sasa nusa.

Mkasi aliinua kitambaa akanusa. Mdogo wake, alipokuja kukaa pale jioni akitoka kazini, alitangulia kunukia dawa ya kuyeyushia rangi kabla hajaonekana, na Mama Birika alikuwa akimketisha mwisho wa benchi, upande upepo unakokwenda. Ovaroli hii ilinukia sabuni. Sabuni nzuri, ya maua. Akampa Pancha, Pancha akanusa akampa Mheshimiwa. Mheshimiwa aliishika kwa mikono miwili na kuirudisha.

— Tangu anioe, alisema mjane, ovaroli nazifua mimi. Naloweka, nasugua mpaka vidole vinachubuka, na harufu ile haitoki. Kiwandani kwao hawajawahi kumfulia hata kitambaa cha jasho. Alikuwa akirudi nazo kama zilivyo. Sasa nauliza, shemeji, na ninyi kaka zangu mnaojua mengi. Amekufa, na nguo alizofia zimerudi zimefuliwa. Nani kazifua?

— Labda waliona aibu kuzileta chafu, alisema Pancha taratibu, na yeye mwenyewe hakujiamini.

— Labda, alisema mjane. Ndiyo nauliza, nani?

Mkasi aliutazama ule mstari wa pasi, na akilini akamwona mtu asiyemjua akiinama juu ya beseni, anasugua kitu ambacho familia haikutakiwa kukiona. Hasira ilimpanda polepole, ikakaa.

— Sijui, shemeji, alisema. Hakuna anayejua hapa. Mheshimiwa, huyo daktari wako huru, anapatikana wapi?

Mheshimiwa alijikuna kidevu. Alasiri nzima alikuwa amemsifia daktari yule kama mkwe.

— Kusema kweli, Mkasi, simjui hata mmoja. Lakini mahakamani wapo makarani wanaonikumbuka. Nakwenda kuuliza sasa hivi, kabla hawajafunga milango.

Akavaa kofia yake, akaenda kweli.

Mkasi aliirudisha ovaroli mfukoni, akampa mjane aishike.

— Asiifue mtu, alisema. Wala asiiguse shangazi. Nenda ukamwambie mama kwamba kesho hatuziki.

Mjane hakusogea. Alimtazama tu, macho makavu.

— Hapana, alisema Mkasi. Hilo na lile la kunyoa, nitamwambia mwenyewe.

Alimwogopa mama yake kuliko kiwanda kizima na magari yake, lakini aliinuka, wakaongozana.