Marehemu Fikiri Masolwa na Chupa Zake Arobaini na Moja

Ndugu waombolezaji, historia hii imeandikwa na mjane na watoto, na itasomwa yote, ingawa jana mdogo wake marehemu, Ndugu Ezekia, aliyeketi hapo mbele, alituomba tukiruke kifungu cha ugonjwa, ombi ambalo mjane amelikataa.

Marehemu Fikiri Masolwa alizaliwa Bukene tarehe 14 Agosti 1956, tarehe aliyopangiwa na mwalimu siku ya kuandikishwa shule, kwa kuwa wazazi walikumbuka mavuno tu, naye aliicheka maisha yake yote, akisema mawe ya Unyamwezi yana cheti cha kuzaliwa cha kuaminika kuliko chake.

Alisoma Bukene, akamaliza sekondari mjini Tabora mwaka 1974, na tarehe 3 Februari 1977 akaajiriwa kuwa msaidizi wa wapimaji wa miamba, kazi aliyoifanya miaka thelathini na tisa, akizunguka mito ya Nzega, Igunga na Ulyankulu na karai lake, akitikisa mchanga majini mpaka mwepesi uende na mzito ubaki, na katika huo mzito akitafuta zirkoni, chembe ndogo kuliko punje ya ulezi, ngumu, yenye kung'aa, ambayo mlima ukisagika yenyewe hubaki. Alitufundisha sote, tutake tusitake, kwamba chembe hiyo huzaliwa na urani kidogo ndani yake, na urani hiyo hugeuka madini ya risasi polepole, kwa mwendo usiobadilika, hivyo anayepima kilichogeuka na kilichobaki hupata umri wa mwamba, na kwamba za kwao Bukene zilipimwa zikakutwa na miaka zaidi ya bilioni mbili na nusu.

Tarehe 11 Juni 1983 alifunga ndoa na Adelina, wakajaliwa Kabula na Nikolaus, wakajenga nyumba mtaani Chemchem, na humo kabatini akatunza chupa arobaini na moja za chembe hizo, kila moja na karatasi ya mto, mahali na siku, maana chembe isiyojulikana ilikotoka, alisema, hata ukijua umri wake haikuambii lolote kuhusu nchi.

Tarehe 9 Machi 2024 alipooza upande wa kulia, akalazwa, na Ndugu Ezekia akapewa ufunguo wa nyumba akalete shuka. Alibeba chupa zote. Miaka thelathini alikuwa ameamini kaka yake anaficha almasi, na ili mzigo uonekane wa maana akazimimina zote katika mfuko mmoja wa sukari, karatasi akazitupa, akaenda kwa Bwana Nishant, sonara wa mjini, ambaye alitazama kwa lenzi akamwambia ni zirkoni, tena ndogo mno hata kwa pete. Basi akaurudisha mfuko, akautua kitandani kwa mgonjwa, amenuna kana kwamba yeye ndiye aliyeibiwa.

Marehemu hakuuliza habari ya wizi. Alitia mkono wa kushoto mfukoni, akauliza karatasi ziko wapi, akajibiwa, akageukia ukutani, na hakusema tena mpaka alipofariki tarehe 2 Aprili, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Chemchem, wenzake wa kazini, na Bwana Nishant kwa kusema kweli. Ndugu Ezekia haimshukuru. Kwetu mdogo wa marehemu ndiye hutia mchanga wa kwanza kaburini, na haki hiyo hatumnyimi, ila atauchota katika mfuko ule ule, konzi kwa konzi, mbele yenu, mpaka uishe, nasi tutasubiri.

Pumzika kwa amani, Fikiri. Wewe, angalau, tunajua ulikotoka.