Sampuli Namba Kumi na Saba

Ndugu, jamaa na marafiki, familia imenipa mimi, kitinda mimba wa nyumba yetu, kazi ya kusoma maisha ya dada, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mama Chembe, na mwenyewe kabla ya kufariki alishaniagiza nisome polepole na nisitie chumvi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1966, mtoto wa tatu kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba, fundi redio. Alianza shule ya msingi mwaka 1973 na sekondari mwaka 1980, ambako alimwaga tindikali juu ya meza ya mwalimu wa kemia, akaadhibiwa kuosha chupa za maabara muhula mzima, adhabu ambayo hakuimaliza maishani, kwani hata baada ya kupata shahada ya uzamivu mwaka 1996 aliendelea kuosha chupa kwa mkono wake, akidai wengine wote tunalipua kazi.

Tarehe 12 Agosti 1995 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa binti mwaka 1997 na mtoto wa kiume mwaka 2001.

Tarehe 3 Februari 1997 aliajiriwa katika taasisi ya utafiti, akatengeneza chembe ndogo mno za polima, zenye dawa ndani na kulabu nje, ili zishike uvimbe wa saratani peke yake na kuuacha mwili salama. Maabara yake ilikuwa na sheria moja, kwamba kila kipande cha uvimbe kinachopimwa kipewe namba bila jina, ili msomaji asiyavute majibu upande anaoutaka, na chembe zikishika kipande hung'aa kijani.

Mwezi Februari 2023 alianza kuumwa tumbo, tarehe 20 Machi madaktari wakachukua kipande cha uvimbe kwenye kongosho, naye kwa idhini yao akapeleka sehemu yake maabara, ikaandikwa namba kumi na saba, bila jina, kama sampuli nyingine. Aliyeisoma ni mwanafunzi wake wa mwisho, binti mtulivu, ambaye alikuja kwenye chai akasema kumi na saba ni giza tupu, chembe zimeipita kama haziioni, afadhali itupwe. Dada alimwomba arudie, akarudia mara tatu, giza likabaki lile lile, basi dada akaandika kwenye daftari kwamba hazikushika, akamaliza chai yake, akaenda nyumbani kulia.

Alitibiwa kwa dawa za kawaida hadi tarehe 3 Novemba 2024, saa nne asubuhi, alipofariki dunia mumewe akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake wote, hasa mwanafunzi wake huyo aliyesimama pale mlangoni, ambaye mwezi uliopita aliiona namba kumi na saba kwenye faili la dada kando ya kitanda chake, akajua kipande kile kilikuwa cha nani, na tangu siku hiyo hajakanyaga maabara. Mwanangu, dada aliniagiza nikuambie mbele ya watu wote kwamba ulisoma sawasawa, kwamba ungemdanganya ndipo ungemuumiza, na kwamba Jumatatu uende kazini.

Chupa tutaosha sisi, dada, wewe pumzika kwa amani.