Nafasi Nyeupe Katika Picha ya Mwalimu Felician

Mwalimu Felician Qamara, ambaye leo Jumatano, tarehe 12 Februari 2025, tunampumzisha hapa Nangwa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 kijijini Masieda, Mbulu, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, na baada ya sekondari na chuo cha ualimu akaripoti shuleni hapa Nangwa tarehe 2 Julai 1979, kufundisha kazi za mikono.

Tarehe 6 Oktoba 1984 alifunga ndoa na Ludovika, wakajaliwa watoto wawili, Judith na Vicent.

Mwaka 1988 mwalimu wa kujitolea kutoka Japani alimfundisha kuchapa picha kwa ubao, yaani kuchonga ubao, kuupaka rangi, kulaza karatasi juu yake na kuisugua kwa nyuma, lakini marehemu hakuridhika na maua na milima, akagandamiza kamba za katani na ngozi ya ng'ombe kwenye ubao, akapaka rangi mgongoni mwa karatasi ipenye hadi mbele, akauchonga ubao uleule upya kwa kila rangi hadi ukaisha, ndiyo maana picha zake hazirudiwi. Majirani walimtania, "Shikamoo mwalimu, ng'ombe yuko wapi hapo?" naye akawajibu, "Marahaba, ameshapita, hilo ni vumbi lake."

Tarehe 11 Aprili 2020 Vicent alichukuliwa na maji ya korongo kule Hirbadaw akivusha mifugo, hadi leo hajapatikana, wala hana kaburi. Baba alifumua kitanda cha mwanawe, akachonga picha kwenye ubao wake. Ludovika aliomba sura ya mtoto, akaonyeshwa rangi za tope, tabaka juu ya tabaka, na katikati karatasi tupu, na alipouliza mtoto yuko wapi, mumewe aligusa pale peupe. Mama akaigeuza picha itazame ukutani, na marehemu akakataa kuchapa rangi ya mwisho, nyeusi, bila mkewe.

Agosti 2024 aligundulika kuwa na saratani ya koo, mikono ikaishiwa nguvu. Tarehe 19 Januari mwaka huu Ludovika aliigeuza picha mwenyewe, akaomba aelekezwe, akasugua ile rangi nyeusi polepole, na alipofika katikati akainua mkono, asipaguse pale peupe. Mwalimu alifariki Jumapili tarehe 9 Februari, picha ikiwa mbele ya kitanda chake, kama ilivyo sasa mbele ya jeneza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokesha nasi, na walimu wenzake.

Pumzika kwa amani, Felician, na ukimkuta Vicent, mwambie mama yake amemwachia nafasi.