Bi Nerea Aliyeisikia Nti

Baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, Bi Nerea Wanyama, mratibu wa Kambi ya Uongozi ya Agosti hapa Lamu, anastaafu rasmi leo Ijumaa, tarehe 29 Agosti 2025. Kamati imeniomba mimi, Abdulwahid Badawi, mwenyekiti wa kwanza wa bodi, niandike wasifu wake. Nilikubali upesi kwa sababu mbili: Bi Nerea ni kama ndugu yangu, na daktari wangu hapendi niahidi mambo ya mwakani.

Kwa wageni wetu: kambi hii huwakusanya wanafunzi wa kidato cha tatu kutoka shule za vijijini, kuanzia Mkokoni hadi Kipungani, wakati wa likizo ya Agosti. Hujifunza kuendesha mikutano, kusema mbele ya watu na kuwapatanisha waliogombana. Mwishoni kila mmoja huketi mbele ya jopo, na wanaochaguliwa hulipiwa masomo mpaka chuo kikuu.

Bi Nerea alizaliwa Kimilili, akasomea ualimu wa Kiswahili, akaja Lamu mwaka 1998 akiamini kwamba Kiswahili anakijua. Imani hiyo ilidumu mpaka asubuhi ya kwanza. Mpishi wetu wa wakati huo, marehemu Mzee Barka, alimwita kutoka jikoni: "Bi Nerea, ndoo!" Akampelekea ndoo. "Ndoo, Bi! Ndoo upesi!" Akakimbilia ya pili. Alipotokea na ya tatu, Mzee Barka alishika kiuno. "Lahaula! Nakwita ndoo unywe chai, wewe waniletea ndoo za maji. Wataka kunikosha?"

Hapo ndipo alipojua kwamba Waamu wakisema "ndoo" huenda wanakwambia "njoo". Mwingine angenuna. Yeye alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo hakuna neno lililompita bila kuuliza maana yake, liwe la sokoni au la harusini. Si mnyenyekevu, wala hatutamsingizia unyenyekevu siku ya leo. Akijifunza neno jipya, mtaa mzima hulisikia kabla ya adhuhuri.

Kanuni yake kubwa kambini ilikuwa moja: kiongozi wa siku hula mwisho. Jamaludin wa Mkokoni, siku ya zamu yake, alijipakulia kichwa cha samaki kabla ya wenzake. Bi Nerea hakumkemea. Alimwomba tu akiweke kando awahudumie wengine kwanza. Wenzake wakala polepole kwa makusudi, huku wakimwita, "Mheshimiwa, kichwa chapoa!" Leo Jamaludin ni mwalimu mkuu, na kila akinipigia simu hunikumbusha kwamba kichwa kile hakukila. Paka alimtangulia.

Agosti ilipoangukia Ramadhani, mama huyu Mkristo wa bara alipanga upya masomo yote yamalizike asubuhi, akasimamia futari, akatangaza kwamba naye atafunga. Siku ya tatu alikiri kwamba alikuwa ameonja mchuzi. "Kikazi tu," alisema.

Sasa nifike kwenye jambo nililoahidi kutolisema. Mtu anayejiandaa kuondoka duniani hafai kuondoka na mali ya watu, na kisa hiki ni mali ya kambi hii. Bi Nerea atanisamehe. Asiponisamehe, sitakuwapo muda mrefu wa kugombezwa.

Mwaka 2006 ilibaki nafasi moja ya ufadhili. Ibtihal, msichana wa Chundwa, alikuwa wa mwisho kuingia kwa jopo. Babake alikuwa ameshindwa na ada, na bila nafasi ile asingerudi shuleni muhula uliofuata. Kwa kawaida mimi ndiye niliyekuwa mwenyeji pekee katika jopo, lakini siku hiyo nilikuwa nimelazwa Mombasa. Waliobaki wote walitoka bara, wakiongozwa na Bwana Kirimi, rafiki mkubwa wa kambi hii mpaka leo.

Bwana Kirimi alimuuliza atafanya nini akimaliza masomo. Ibtihal akajibu, "Nitaitumikia nti yangu."

"Mti gani?" Bwana Kirimi akauliza.

"Hii yetu, bwana, tuliyozaliwa."

Bwana Kirimi akaona ajabu, lakini ni mtu mpole. "Na unaumwagilia maji?"

Ibtihal akadhani anafumbiwa. "Yataka maji kweli, bwana. Chundwa yote yataka maji."

Jopo likaafikiana kwamba binti ana moyo mzuri, ila ndoto yake ni ndogo mno: maisha yake yote ameyaweka katika mti mmoja. Nafasi ikapewa mwingine. Boti ya kuwapeleka uwanja wa ndege wa Manda ilikuwa inangoja, wao wakinywa chai, na Bwana Kirimi akamsimulia Bi Nerea kisa cha msichana na mti wake.

Bi Nerea aliweka kikombe chini. "Alisema mti wangu au mti yangu?"

"Yangu. Kwani iko tofauti, Mama Nerea? Sisi sote tunasema mti yangu."

"Sisi wa bara, ndiyo. Mtoto wa Chundwa hakosei hivyo hata usingizini. Huyo hakusema mti, Bwana Kirimi. Alisema nti. Amekwambia ataitumikia nchi yake, na wewe ukamuuliza kama anaimwagilia maji!"

Wengine walisema uamuzi umeshapita na ndege haingoji. Bi Nerea akawaambia, "Basi nendeni salama, lakini mnitafutie na mrithi. Mimi siwezi kuwafundisha watoto kusema wazi, halafu wakisema wasisikilizwe." Bwana Kirimi akanipigia simu hospitalini, nami nikamjibu kwamba nimemjua mama huyo muda wa kutosha: atafunga virago kweli. Ndege ikaondoka bila wao. Ibtihal akaitwa tena, akasikilizwa upya, na Bwana Kirimi akaahidi kumtafutia mfadhili wa ziada ili yule aliyekwisha kuchaguliwa asinyang'anywe. Ahadi hiyo aliitimiza.

Bi Nerea alitutaka tusilitaje jambo hili, ili binti asikue akijiona ana deni kwa mtu. Ibtihal analisikia leo pamoja nanyi. Hana deni. Alishinda kwa maneno yake mwenyewe, mara walipoyaelewa. Leo ni mhandisi wa maji, na visima viwili vya Chundwa vilichimbwa chini ya usimamizi wake. Alipokuwa akieleza kwamba nchi yake yataka maji, alikuwa hatanii.

Tangu mwaka ule, hakuna jopo lililoketi bila wenyeji wasiopungua wawili, na kila mwanafunzi hujibu kwa lugha anayootea ndoto. Waliofadhiliwa kupitia mikono ya Bi Nerea ni walimu, wauguzi, mabaharia, mawakili, na hata diwani mmoja ambaye, tunasikia, bado hula mwisho.

Jumanne iliyopita jopo liliketi kwa mara ya mwisho mbele yake. Ibtihal ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na Bwana Kirimi, mvi kichwa kizima, alikuwa pembeni yake. Aliingia Aaliya wa Kipungani, akitetemeka hata kiti kikalia. Alipoulizwa hufanya nini baada ya shule, alijibu kwa sauti ndogo, "Hushona ukili."

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu cha magurudumu karibu na mlango, na Bi Nerea kando yangu. Ibtihal alilijua neno, lakini alimgeukia Bwana Kirimi. Bwana Kirimi akaweka kalamu mezani, akainama mbele. "Binti yangu, mimi nimesikia unashona akili. Hebu nifundishe. Ukili ni nini?"

Aaliya alicheka, kiti kikaacha kulia. Akainua mikono akaonyesha jinsi majani ya miyaa yanavyosukwa kuwa ukanda mrefu, ndio ukili, na jinsi kanda hizo zinavyoshonwa zikawa mkeka. Alieleza mpaka akasahau kwamba anahojiwa. Nafasi amepata.

Bi Nerea, ahsante kwa masikio yako. Wafikie watu wa Kimilili kwa afya na furaha, na Mungu akupe miaka mingi ya kupakuliwa kwanza.