Waliomwambia Mama Wamenenepa

Haya sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwepo mwenyewe, nimekaa katikati ya benchi la Fundi Redio, mahali pa heshima, kikombe cha kahawa mkononi. Fundi alikuwa ameifufua santuri ya wakati wa vita, iliyoimbwa na wanajeshi wakiwa kambini. Kiongozi anaimba, “Mwambieni mama nimenenepa,” na kundi zima linaitikia, “Tumenenepa!” Hapo ndipo ubishi ulipowaka.

— Mnasikia? akasema Kinyozi. Vita vile vilikuwa na msosi! Mtu anaenda mwembamba, anarudi shati halifungi.

— Acha hizo, akasema Jenerali, mlinzi wa duka la vitambaa, ambaye jeshi kaliona kwenye sinema tu. Aliyenenepa ni kiongozi. Supastaa yule! Alikuwa na mpishi wake peke yake.

— Peke yake?

— Na mwingine wa akiba!

Nikaona wanapotea. — Nyie watoto, nikawaambia, yule mwimbaji nilimwona kwa macho haya. Akianza kuimba, adui ananyamazisha mizinga.

— Ulimwona wapi? akadakia Jenerali. Vita vinaisha wewe unanyonya.

— Si nilikuwa mgongoni kwa mama! Mgongoni mtu unaona mbali.

Kinyozi akacheka mpaka kahawa ikammwagikia.

— Na adui, nikaendelea, akawa anapiga kelele toka ng'ambo: rudia, rudia!

— Na jemadari wao je?

— Alilia. Akamwoza binti yake.

Kumbe mama mmoja, mshonaji wa mtaa wa pili, alikuwa amesimama hapo muda mrefu na pasi yake mbovu mkononi. Hakucheka.

— Fundi, kaka yangu yumo humo.

Jenerali akaruka kumpisha kwenye benchi. — Shikamoo mama! Kumbe yule kiongozi ni kaka yako?

— Marahaba. Siyo yeye. Kaka yangu yumo kwenye hao wanaoitikia. Alikuwa akiosha masufuria ya kambi. Mwenzake aliyerudi, amekonda kama ufito, ndiye aliyetuambia kwamba waliimba pamoja. Kaka hakurudi. Hatuna picha, hatuna kaburi.

Akaiweka pasi chini.

— Sasa ninyi mnaoujua wimbo huu, nionyesheni. Kaka yangu ni yupi?

Kinyozi akajitia kuchungulia kikombe kitupu. Jenerali akakohoa. Fundi akarudisha sindano mwanzo, akairudisha tena. Mama ameinama, sikio karibu liguse spika. “Tumenenepa!”

— Wote sauti moja, akasema, na uso ukamshuka.

Nikashindwa kuvumilia.

— Mama, msikilize huyo anayechelewa. Wenzake wamemaliza, yeye bado anavuta ile “pa” ya mwisho.

Fundi akanikazia macho. Akarudisha sindano.

— Ndiye! Mama akanishika mkono, akaubana. Ndiye huyo jamani! Tangu utotoni, ukimwita, anaitika wewe umeshasahau ulichomwitia!

Akacheka, akafuta macho kwa ncha ya kanga, akamwomba Fundi amwekee tena. Tukausikiliza mpaka birika likapoa. Hakuna aliyebisha.

Yote haya niliyaona, na anayebisha aje benchini. Kimoja tu nilikitunga: huyo anayechelewa. Nimeirudia santuri ile mara nyingi, mimi na Fundi tu. Wanamaliza wote kwa pamoja.