Sauti Iliyorudi Ukingoni mwa Mto

Bwana asifiwe! Asifiwe tena, wapendwa, maana leo hii nina sauti ya kumsifu!

Wengi hapa kijijini Wema mnanijua, mimi ndiye Mama Komora, yule wa softiboli, ule mchezo wa kurusha mpira na kuupiga kwa gongo. Nimeupenda mchezo huu tangu nikiwa msichana wa shule. Nilikuwa mrushaji, na mpira wangu wasichana wa Garsen waliuogopa! Baadaye nikawa kocha wa mabinti zenu shuleni, miaka nenda miaka rudi, kwenye kiwanja kile kinachopakana na mashamba ya mpunga. Besi zetu, vile vituo vya kukimbilia, ni magunia tuliyojaza makapi. "Kimbia! Usisimame! Rudi besi!" Mume wangu alinitania kwamba ndege hawali mpunga wake kwa sababu ya makelele yangu.

Ndugu zangu, sauti hiyo ilizimika. Jioni moja msichana aliupiga mpira kwa nguvu, ukanijia moja kwa moja kooni. Nikaanguka. Nilipozinduka hospitalini nilifungua kinywa nimwite mume wangu, hakikutoka kitu! Uvimbe ulipona, daktari akasema koo ni zima, sauti itarudi yenyewe. Haikurudi. Mwezi ukaisha, mwingine ukaja, mnong'ono tu, kama mtu anayepuliza moto.

Niliumia, wapendwa! Kwaya ilipoimba, nilikaa benchi la nyuma nikichezesha midomo. Kiwanjani nilifundisha kwa mikono, na filimbi nikamkabidhi nahodha wetu, Habiba. Huyu ni binti wa wafugaji wa Kiorma kule Minjila, anaishi hapa kwa shangazi yake ili asome. Mwishowe mwalimu mkuu akaniita, akasema kwa upole, "Mama Komora, umetumika sana. Lakini kocha asiyesikika atawaongozaje watoto? Pumzika, tutafute mwingine."

Niliitikia kwa kichwa, nikaenda shambani, nikalia.

Siku ya mazoezi yangu ya mwisho, tulipomaliza, wasichana waliteremka mtoni kuchota maji. Mimi nilibaki juu ukingoni nikikusanya magunia. Nikainua macho. Habiba ameinama majini ananawa miguu, filimbi inaning'inia shingoni mwake. Na nyuma yake, mamba! Pua na macho tu, anakuja taratibu, maji hata hayatikisiki! Wenzake wanacheka, hakuna aliyemwona. Nami niko mbali, siwezi kumfikia. Moyoni nikalia, "Yesu, mtoto wa watu!" Nikafungua kinywa.

"Habibaaa! Mamba! Toka! Kimbia!"

Sauti ilitoka! Ile ile ya kiwanjani! Habiba hakugeuka kutazama. Alisikia kocha wake akisema kimbia, akakimbia! Mguu wake ulipokanyaga mchanga mkavu, maji yalilipuka nyuma yake, taya zikafumba bila kitu! Mtungi wake ulichukuliwa na mto. Yeye mwenyewe hakupata hata mkwaruzo. Haleluya!

Wasichana walinivamia, wengine wanalia, wengine wanacheka. "Mama, ni wewe umeita?"

"Ni mimi!" nikasema. Nikarudia, "Ni mimi! Ni mimi!" Sikutaka kunyamaza tena!

Kesho yake mamake Habiba alikuja kutoka Minjila na kibuyu cha maziwa. Alinishika mikono yote miwili, akasema, "Mama Komora, mimi na wewe hatumwombi Mungu katika nyumba moja. Lakini huyu mtoto sasa ni wetu sote." Mwalimu mkuu naye, kocha mwingine hakumtafuta tena!

Namshukuru Mungu, ndugu zangu. Lakini msidhani alianza kunisikia siku ile pale mtoni. Alikuwa akinisikia kule shambani, nilipolia bila sauti! Alinisikia kwenye benchi la nyuma, nilipochezesha midomo tu! Kwa hiyo wewe uliyeumia hadi huna hata neno la kuomba, mtumaini hivyo hivyo ulivyo. Inuka, njoo mbele. Usiseme kitu. Simama tu hapa karibu nami, mimi nitaomba kwa sauti kwa ajili yetu sote wawili.