Rangi Alikuwa Mtu

Benchi la kijiweni lilikaa nje ya kibanda cha kinyozi, miguu mitatu mizima na wa nne tofali, na wenyewe ni walewale: Wembe mwenye kibanda, Soli mshona viatu, na fundi wa kupaka kuta waliyemwita Rangi. Siku hiyo Rangi alikuja na kopo jipya mkononi na ombi moyoni. Alitaka kukipaka upya chumba alichomuuguzia marehemu mkewe, na tangu waoane, mkewe ndiye aliyemshikia ngazi. Alitamani tu mmoja wao aseme, twende nikushikie. Kuomba kulimshinda.

Basi akauliza, alimradi asiondoke mapema, neno rangi lilitoka wapi. Kumbe amechokoza nyuki!

Soli alisema lilitoka Uajemi na wafanyabiashara, na ushahidi anao: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kabla ya hapo, akaapa, hata majogoo walikuwa weupe, mpaka meli moja ilipomwaga mzigo. Wembe akaweka kikombe chini kama hakimu.

— Acha porojo wewe. Rangi alikuwa mtu. Fundi wa kwanza kupaka ukuta. Watu wakaichukua kazi, wakalichukua jina, mwenyewe wakamsahau.

— Kaburi lake liko wapi? Soli aliuliza.

— Ukishasahauliwa, kaburi la nini?

Wakacheka. Rangi naye akacheka, maana kijiweni huchagui kicheko, ila moyoni alisikia baridi.

Fundi cherehani aliyehamia mtaani wiki hiyo alikuwa akinywa kahawa yake pembeni.

— Na huyu mwenzenu, aliuliza, jina lake hasa nani?

Soli alimtazama Wembe. Wembe akatazama masimbi ya kahawa kikombeni. Miaka nenda miaka rudi wamekaa benchi moja; hata msibani walimwambia pole sana, Rangi.

Angeweza kulitaja mwenyewe. Lakini alikuwa na kiu ya kulisikia, si kulisema. Tangu mkewe afariki, hakuna kinywa kilichomwita kwa jina lake. Akangoja.

— Sisi tunamwita Rangi tu, Soli alisema mwishowe.

Rangi akainuka na kopo lake, akaaga. Wembe akamuuliza leo anapaka kwa nani.

— Kwa mzee mmoja hivi, alijibu. Hamumjui. Anaishi peke yake.